Tundu la Mwisho la Chamburo

Chamburo la baba lina matundu ishirini na sita.
La kwanza lapitisha uzi mnene kama njiti ya kibiriti;
la mwisho hulioni
mpaka uliinue dirishani, mwanga ujichomoze,
ncha moja tu, yenye ukaidi.
Dhahabu hupita hapo ikilia.
Nimeisikia tangu utotoni, ghorofani kwetu Mkomani:
baba amefunga koleo mshipini,
anarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua,
akivuta.

"Na baada ya hili?" aliniuliza mwezi wa Shaabani,
nilipokuja likizo na begi zima la karatasi.
"Huko chuoni mwatoboa lipi?"

Nikamwambia: dhahabu yako ni atomu,
kiini kizito, elektroni sabini na tisa
zimekizonga kama umande usiotua.
Kiini kina protoni, protoni ina kwaki,
na kwaki, wasema baadhi yetu, huenda ni uzi,
uzi unaotetema, usiosokotwa kwa kitu kingine,
mtetemo wake ndio uzito wake.
Wengine wasema la, ni nafasi yenyewe iliyosukwa,
kifundo kwa kifundo,
nasi twatambaa juu yake tukidhani ni laini.
Hakuna aliyeona. Ni hesabu, na ubishi.

"Iliyosukwa," akasema baba.
Akautazama mkeka aliokalia.

Nikaendelea, maana hakunizuia:
kitu kikiwa kidogo, taa yake sharti iwe kali.
Kidogo zaidi, kali zaidi. Mpaka ufike mahali
ambapo mwanga wa kutosha kukionyesha
unakuwa mzito, unajikunja, unajimeza,
na ulichotaka kukiona kimo ndani ya shimo
lisilorudisha kitu.

Hapo akacheka, akaokota bomba la kupulizia.
"Hilo nalijua. Kipini cha binti ya Mwana Shee.
Nalitaka kuunga ua dogo kuliko mato yangu.
Nikapuliza polepole, halikushika.
Nikapuliza kwa nguvu: ua zima likawa tone."

Kisha akanyamaza, akaifuta mizani
ambayo haikuwa na vumbi.
"Hapo chini kabisa, baina ya hatua moya na ya pili,
pana nini?"
"Hapana baina, baba. Neno lenyewe lakatika."
"Basi dhahabu ya watu haiwezi kuangukia hapo."
"Haiwezi."
"Miaka arubaini kila pambo latoka pungufu ya lilivyoingia.
Wasema sonara humwibia hata mamake.
Nalitaraji usomi wako utanitetea."

Sikuwa na fomula ya kumtetea.
Nilikuwa na mama, akizifua fulana zake kwenye karai la peke yake,
akiyachuja maji kwa kitambaa cha shashi;
nilikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa mafagio ya chumba,
unaosubiri yule mtu wa Mombasa aje aupime na kuupunja;
nilikuwa na nyusi zake, zikimeta kila aliposujudu.

Nikamwandikia urefu ule nyuma ya risiti.
"Kwa mita, baba: baada ya nukta, sufuri thelathini na nne, ndipo moja."
Karatasi ikaisha. Nikaendelea mezani, penye masizi,
kwa ncha ya kidole.
"Uutune urefu huu mpaka ulingane na chembe moja ya tupa yako,
na atomu nayo uitune kwa kadiri ile ile:
mwanga utachukua maelfu ya miaka kuivuka."

Sijui kama alisikia.
Alikuwa amebana lenzi jichoni,
kidole kinapita juu ya sufuri zangu, midomo inahesabu.
Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Mara tatu.

"Thelathini na nne, ulisema?"
"Thelathini na nne."
"Hapa pana thelathini na tatu.
Umekinenepesha mara kumi."

Akalamba kidole, akaifuta ile moja,
akatia sufuri mahali pake,
akaiandika moja upya, ukingoni kabisa mwa meza,
akaenda kutafuta ufagio.